Rangi ya kahawia kwenye saa ya zamani: kabla ya kuikwangua, ujue imetoka wapi

Saa ya kengele ya zamani ikitolewa kabatini, mara nyingi chuma chake bado kizima na kioo bado kinapitisha mwanga. Uso wake ndio umechoka. Weupe umegeuka njano, tarakimu na mishale zimeshika rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika ikakauka. Mwenye saa anaipeleka kwa fundi na ombi moja tu: uso urudi kama mpya. Fundi anaondoa kioo, anachukua ncha ya kisu ao pamba yenye alkoli, anaanza kukwangua.

Kwa saa nyingi, hasara ya kazi hiyo inaishia kwenye sura. Lakini kwa saa zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1910 na miaka ya 1960, zile ambazo tarakimu zake zilikuwa zinang'aa gizani, hasara inaweza kuingia katika mwili wa fundi na kubaki humo. Ile rangi ya kahawia, mara nyingi, ni rangi yenye radiumu. Na sehemu kubwa ya radiumu iliyouzwa duniani kuanzia mwaka 1922 hadi katikati ya miaka ya 1930 ilitoka katika mgodi mmoja wa Katanga: Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Kusafisha uso usiong'aa

Tuanze na saa za kawaida, kwa sababu hata hizo huharibiwa na mikono yenye nia njema. Nyuso za saa za zamani si za aina moja, na dawa inayofaa aina moja inaua nyingine.

Uso mweupe unaong'aa kama sahani umetengenezwa kwa unga wa kioo uliochomwa kwa moto mkali juu ya bamba la shaba. Huo ndio mgumu kuliko zote. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na pamba laini vinatosha kuondoa uchafu, na rangi ya tarakimu haitoki kirahisi kwa kuwa nayo imechomwa. Hatari yake ni nyufa nyembamba kama unywele. Maji machafu yakiingia humo, ufa unakuwa mweusi zaidi kuliko ulivyokuwa, na ukikandamiza kwa kidole katikati, karibu na tundu la mishale, kipande kinaruka.

Uso wa rangi ya fedha, unaoonekana kwenye saa ndefu za Ulaya za karne ya 18 na kwenye saa nyingi za ukutani, si fedha tupu. Ni shaba ya njano iliyovikwa ngozi nyembamba sana ya fedha, kisha ikapakwa verni. Ndimu, majivu ao dawa ya meno vinaondoa verni, kisha fedha, na mwenye saa anabaki na sahani ya njano. Mafundi wa kazi hii hawasugui hadi ing'ae. Ngozi ya fedha ikiwa imekwisha kabisa, wanaiweka upya: wanasugua shaba iliyosafishwa kwa kloridi ya fedha iliyochanganywa na chumvi, wanafuata na ule unga mweupe wenye uchachu unaopatikana ndani ya mapipa ya divai, wanaosha, wanakausha, wanapaka verni mpya siku hiyo hiyo. Wanaingia katika kazi hiyo baada ya kuthibitisha tu kwamba hakuna kilichobaki cha kuokoa. Fedha ya zamani iliyofifia ina thamani kuliko fedha mpya inayometa.

Uso uliopakwa rangi ya mafuta ao uliochapishwa kwenye karatasi ndio unaokufa haraka. Tarakimu zake ziliandikwa juu ya rangi, na pamba moja yenye alkoli inaweza kuondoa nambari nzima pamoja na jina la mtengenezaji. Karatasi haipewi maji kabisa. Inafutwa vumbi kwa brashi laini, basi.

Hiyo ndiyo nusu nyepesi ya jambo hili.

Mwanga usiohitaji jua

Radiumu iligunduliwa mwaka 1898 na Marie Curie na mume wake Pierre, katika mawe ya Joachimsthal, eneo ambalo leo ni la Jamhuri ya Cheki. Haikuchukua miaka mingi watu wakagundua kwamba ukichanganya chembe yake ndogo sana na unga wa salfidi ya zinki, unga unatoa mwanga wa kijani usiku kucha, bila jua wala betri. Radiumu inarusha mionzi, mionzi inagonga fuwele za zinki, fuwele zinawaka. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanajeshi na marubani walihitaji kusoma saa na vipimo gizani bila kuwasha taa. Baada ya vita, viwanda vikapeleka rangi hiyo kwenye saa za chumba cha kulala.

Fuwele za zinki hazidumu. Zinapigwa mfululizo kutoka ndani, na baada ya miaka michache zinavunjika. Ndiyo maana saa ya babu haiwaki tena usiku. Mwenyewe anafikiri nguvu zimekwisha. Ukweli ni kwamba kilichokufa ni zinki; radiumu iko palepale. Radiumu-226 inahitaji miaka 1,600 ili nusu yake iishe. Saa iliyopakwa mwaka 1925 bado ina karibu asilimia 96 ya radiumu iliyowekwa siku ile.

Mionzi hiyo ndiyo inayochoma rangi, verni na karatasi hadi vikawa kahawia. Kuna alama moja ambayo mafundi wenye uzoefu wanaitafuta kwanza: saa ikisimama miaka mingi bila kuguswa, mishale yenye radiumu inaacha kivuli kilichoungua kwenye uso, chini ya mahali iliposimama. Mishale ikisogezwa, saa ambayo ilikoma bado inasomeka kwenye karatasi. Alama kama hiyo haifutiki kwa sabuni, kwa kuwa si uchafu. Karatasi yenyewe imeungua.

Kipimo cha radiumu katika saa moja ni kidogo mno, kinahesabiwa kwa sehemu za milioni za gramu. Saa ikiwa imefungwa vizuri, kioo chake kinazuia mionzi ya alfa yote, na sehemu ya mingine. Kinachopita ni kidogo kwa mtu anayeitazama ukutani. Mambo yanabadilika kioo kikiondolewa. Rangi ya miaka mia moja ni kavu, inavunjika kama ganda la yai. Kisu kikipita juu yake, inakuwa vumbi lisiloonekana. Vumbi hilo likivutwa puani ao likifika mdomoni kupitia vidole na mkate, mwili unaidhania radiumu kuwa ni kalisi na kuiweka ndani ya mifupa. Huko hakuna kioo cha kuzuia chochote.

Ncha ya brashi mdomoni

Dunia ilijifunza jambo hilo kwa miili ya wasichana. Kuanzia mwaka 1917, kiwanda cha Orange, katika jimbo la New Jersey, Marekani, kiliajiri mamia ya vijana wa kike kupaka tarakimu za saa. Walilipwa kwa kila uso uliomalizika. Brashi ilikuwa nyembamba, na baada ya mistari michache ncha yake ilitawanyika. Walifundishwa kuirudisha kwa midomo: unalamba, unachovya, unapaka. Waliambiwa haina madhara. Baadhi yao walijipaka kucha na meno kwa mchezo, ili wang'ae wakienda kucheza dansi usiku.

Mollie Maggia alikuwa kati ya wa kwanza kufa, mwaka 1922, baada ya meno yake kuanguka moja moja na taya lake kuoza. Kwenye karatasi za kifo iliandikwa kaswende. Mwaka 1925 daktari Harrison Martland alionyesha kwamba wafanyakazi hao walikuwa na radiumu ndani ya mifupa. Mwaka 1927 wanawake watano, Grace Fryer akiwa mbele, waliishtaki kampuni ya United States Radium Corporation. Kesi iliisha mwaka uliofuata kwa mapatano: dolari 10,000 kwa kila mmoja, dolari 600 kila mwaka wa maisha yake, na gharama za matibabu. Miaka ya kuishi haikuwa mingi. Mtu aliyebuni rangi hiyo ya kiwandani, Sabin von Sochocky, naye alikufa mwaka huohuo wa 1928, damu yake ikiwa imeharibiwa na kazi yake mwenyewe.

Huko Ottawa, mji mdogo wa Illinois, kampuni nyingine iliendelea kupaka nyuso za saa za Westclox, zile saa za kengele zilizouzwa pande zote za dunia. Catherine Donohue, mmoja wa wapakaji wa huko, alishinda kesi yake mwaka 1938 akiwa hawezi tena kusimama. Sehemu ya kesi ilisikilizwa nyumbani kwake. Alikufa mwaka huohuo.

Jiwe la Katanga

Radiumu waliyolamba wasichana wa kwanza wa New Jersey ilitoka katika mawe ya Colorado, Marekani kwenyewe. Mawe hayo yalikuwa maskini na kazi yake ilikuwa ya gharama kubwa: gramu 1 ya radiumu inapatikana tu pale penye karibu tani 3 za uraniumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, gramu hiyo moja iliuzwa zaidi ya dolari 100,000.

Bei hiyo ilivunjwa na Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuta uraniumu pale Shinkolobwe. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, kwenye kiwanda kipya cha Olen, na mwaka 1922 radiumu ya kwanza ikatoka. Mawe mazuri ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya uraniumu hadi asilimia 65, kitu ambacho wachimbaji wa Colorado hawakuwahi kukiota. Wabelgiji waliteremsha bei hadi karibu dolari 70,000 kwa gramu, na migodi ya radiumu ya Marekani ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Soko lilibaki karibu lote mikononi mwa Union Minière hadi Kanada ilipoanza kutoa radiumu yake mwaka 1933.

Kwa hiyo saa yenye tarakimu za kung'aa iliyopakwa katika miaka hiyo, iwe imeandikwa Illinois, Ufaransa ao Uswisi, ina uwezekano mkubwa wa kubeba chembe ya udongo wa Likasi. Ilichimbwa hapa, ikaenda Ulaya kama jiwe, na nyingine zikarudi kama zawadi ya arusi ao saa ya ofisi.

Shinkolobwe inajulikana zaidi kwa jambo lililofuata. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yake New York, na uraniumu wa Katanga ukawa sehemu kubwa ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945. Hadithi hiyo imeandikwa sana. Ile ya saa imeandikwa kidogo, ingawa ndiyo iliyotangulia: kwa karibu miaka 20 ya kwanza, Union Minière ilifuata radiumu pale, na uraniumu ulikuwa mabaki yaliyouzwa kidogo kwa watengenezaji wa rangi za vyungu na vioo.

Kuna tofauti moja ambayo mtu hawezi kuipita bila kuitaja. Wasichana wa Marekani wana majina, picha, vitabu na hukumu za korti. Wakongo waliochimba mawe ya Shinkolobwe na kuyachambua kwa mikono, wakitenga yale mazito meusi na yale mepesi, hawamo katika hadithi inayosimuliwa. Walikuwa upande wa kwanza wa kazi ileile. Hata Olen, wakaaji walirithi udongo na kijito vyenye radiumu karibu na kiwanda. Huku kwetu mgodi ulifungwa kwa zege kabla ya uhuru, ukafunguliwa tena na wachimbaji wadogo waliofuata kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua watu 8, miezi michache baada ya prezida kutia saini amri ya kukataza uchimbaji pale.

Mafundi wa leo wanafanya nini

Kwa mafundi wa Ulaya na Marekani wanaorudisha saa za aina hii, kuna njia tatu, na wanagombana juu ya ipi ni bora.

Ya kwanza ni kuacha. Mashine inatengenezwa, kioo kinasafishwa upande wa nje, uso haufunguliwi. Majumba mengi ya makumbusho yanashika njia hii: saa inawekwa alama, inabaki na kioo chake, inakaa mahali penye hewa inayozunguka. Hewa ni muhimu kwa sababu radiumu ikivunjika inatoa gesi ya radoni, na gesi hiyo inapenya. Saa moja sebuleni si kitu kikubwa. Saa ishirini za mkusanyaji ndani ya chumba kidogo kilichofungwa ni jambo lingine.

Ya pili ni kufunga rangi. Mtaalamu anadondosha verni nyepesi isiyo na rangi juu ya kila tarakimu, bila brashi kuikwangua, ili ganda lisivunjike tena. Uso unabaki na kahawia yake.

Ya tatu ni kuondoa radiumu yote na kupaka upya rangi ya kisasa isiyo na mionzi, ile iliyotokea Japani katika miaka ya 1990, inayokunywa mwanga wa taa na kuurudisha gizani. Kazi hiyo inafanyika kukiwa na unyevu ili vumbi lisiruke, ndani ya sanduku lenye chujio la hewa, na kila kilichotoka, pamba ikiwemo, kinahesabiwa kuwa taka ya mionzi. Wakusanyaji wengi hawaipendi. Kwao, uso uliopakwa upya umepoteza cheti chake cha kuzaliwa, na bei inaanguka. Ndiyo maana wengine wanachanganya rangi mpya na kahawia kidogo ili ionekane nzee. Huo ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa ustadi.

Kwa fundi wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anayefanya kazi kwenye meza ndogo ya barabarani, anakula palepale na kupuliza vumbi kwa mdomo, njia ya tatu haipo. Ya pili pia ni ya kukwepa. Inabaki ya kwanza, na bahati nzuri ndiyo ambayo hata wakusanyaji wanailipia zaidi.

Kuitambua nyumbani

Dalili zinazoonekana kwa macho ni tarakimu zenye rangi nene, iliyoinuka kidogo juu ya uso, na kahawia ao njano iliyoiva; mishale yenye tundu katikati lililojazwa rangi hiyo; na vile vivuli vilivyoungua. Saa ikiwekwa kabatini usiku mzima na bado ikaonyesha mwanga hafifu kabla ya kuwashwa taa, basi mwanga wake hautoki kwa jua. Ikikosa kuwaka, hilo halithibitishi usalama wowote. Nyuso nyingi za Uswisi za kuanzia miaka ya 1960 zina herufi T pande mbili za jina la inchi, chini ya tarakimu 6. Hiyo ni tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiumu na ambayo inaisha haraka zaidi, nusu yake kwa miaka 12 hivi. Jibu la kweli linatolewa na kipimo cha mionzi. Kinshasa kuna kamati ya taifa ya kujikinga na mionzi, CNPRI, na Commissariat général à l'énergie atomique, inayosimamia kituo ambacho mwaka 1959 kilipata mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika.

Saa ikishukiwa, kioo kisiondolewe, na saa isilale kando ya kitanda cha mtoto wala isipewe watoto waichezee. Kioo kikiwa kimevunjika, iingie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, isifagiliwe kavu. Meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kiingie ndani ya mfuko mwingine, kisirudi jikoni. Fundi aliyekwisha kukwangua anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kushika chakula ao sigara, abadilishe nguo, na vumbi lililobaki mezani asilipulize.